Barua Iliyongoja Ng'ambo

Chediel alikuwa na kazi moja maisha yake yote: kuvusha barua za watu. Vijiji vilikuwa viwili, korongo katikati, na njia ya kulivuka ilikuwa moja tu, nyembamba, ya kupita mtu kwa mguu. Aliyetangulia kuleta barua, yake ilitangulia kuvuka. Iwe ya mwenye duka, iwe ya mjane anayeomba mbegu, Chediel hakuuliza.

Kisha boma likatoa amri. Njia ni ya boma, ikasema amri, asivuke mtu bila ruhusa, na mambo hayawezi kwenda holela. Barua za boma na za wenye kibali zitiwe katika mkoba wa ngozi, zivushwe kila asubuhi. Za wengine zitiwe katika gunia kwenye kibanda cha karani wa boma, ng'ambo ya korongo, zivushwe mkoba ukiwa na nafasi. Kuvusha ujumbe kwa mdomo kukapigwa marufuku, kwa kuwa hauna mhuri.

Chediel hakuipenda amri ile. Lakini miguu ndiyo iliyokuwa shamba lake, na boma lilikuwa limempa koti jipya na viatu. Akajiambia, mimi ni mbebaji tu. Aliyepanga ndiye atakayejibu. Siku za mwanzo alilitazama gunia, roho ikamuuma. Baadaye akawa anapita bila kuligeukia. Mkoba haukuwahi kuwa na nafasi.

Alikuwa na binti, Namkunda, aliyeolewa ng'ambo. Kiangazi cha mwaka ule visima vilikauka, na mkewe Nakijwa akawa anateka maji ya korongoni. Akashikwa na tumbo la kuharisha. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Chediel akakaa naye, akamnywesha maji kikombe baada ya kikombe, kwa maana mgonjwa wa tumbo hunyweshwa. Na maji yalikuwa yale yale. Siku ya tano akafa.

Namkunda aliruhusiwa kuvuka, akaja mazikoni. Alipomaliza kulia, alimwuliza baba yake kwa nini walipuuza barua yake. Chediel hakuelewa. Aliondoka matangani na nguo za msiba, akavuka hadi kibandani. Karani akafungua gunia, akaitafuta bila haraka, akampa. Iliandikwa kwamba huku kwetu juu mizoga ya ng'ombe imelala katika mto unaoshuka korongoni, watu wanakufa, mama asiyaguse maji ya korongo. Ilikuwa na siku kumi na moja.

Karani akasema, "Haikuzuiwa, Mzee Chediel. Ilikuwa inangoja zamu yake."

Chediel akakumbuka alichobeba asubuhi za siku zile, kabla hajakaa na mgonjwa: mialiko ya karamu ya boma, na matangazo ya kanga mpya dukani. Akalitwika gunia lote bila kibali, akavuka, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Nyingine zilikuwa tupu. Kwingine waliipokea barua, wakaisoma wamesimama mlangoni, wakamtazama bila kusema asante. Kabla gunia halijafika nusu, askari wa boma walimkamata. Kesho yake mtu mwingine alivaa lile koti, na mkoba ukavuka kwa wakati wake.

Basi ninyi mnaokubali barua ya jirani ingoje ili ya mkubwa ipite, mmejuaje kwamba haikuandikwa kwenu?