Fisi Mshika Miiko

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mamba wakawa wanaoga vumbi. Kisima kilibaki kimoja tu, na Simba ndiye aliyekilinda ili wakubwa na wadogo wanywe kwa zamu. Siku moja mwiba ukamchoma mguuni, kidonda kikagoma kupona, na Simba akakonda hadi manyoya ya shingoni yakawa yanamlemea. Wanyama wakaingiwa na hofu. Simba akifa kisima ni cha Chui, na Chui hakujua zamu.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: mgonjwa hapelekewi pole mikono mitupu. Kila nyumba hupeleka bakuli, na mlangoni huketi mshika miiko, anayesema chakula kipi kinamfaa mgonjwa na kipi kinamdhuru. Kazi hiyo ilitaka mwenye pua nzuri. Fisi aliinua ya kwake kabla mwingine hajapumua, akapewa kigoda.

Jamani, Fisi alifurahi! Bakuli la kwanza lilikuwa la Korongo, samaki wakavu wa kunukia.

"Samaki huvimbisha kidonda," alisema Fisi kwa uso wa msiba. "Ni mwiko. Waache hapa, mimi najua pa kutupa vitu vya hatari."

Pa kutupa palikuwa kooni. Kanga alileta mayai, akaambiwa mayai huleta homa. Nyati alileta maziwa, akaambiwa maziwa huganda mifupani. Duma alipofika na maini, Fisi alishika kichwa.

"Maini? Mnataka tumzike mfalme?"

Duma aliomba radhi akaondoka kwa aibu, na Fisi akayameza maini yangali na joto.

Kila jioni alijilamba midomo akipiga hesabu zake. Simba akipona, mabakuli yamekwisha. Simba akifa, mabakuli yamekwisha vilevile. Basi asubuhi alikuwa akimchungulia mgonjwa na kumwombea, kwa moyo mweupe kabisa, asife wala asipone. Simba naye, kwa kiburi chake, hakusema kwamba ana njaa. Aliona mfalme akiomba tonge ameshuka cheo.

Ndipo Sungura akaja na chungu kichwani.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Uji tu, mzee wangu."

Fisi alikunja uso. Kwake uji ni chakula cha vibogoyo na watoto wanaoota meno, angeumwagaje juu ya maini? Tena mgonjwa lazima ale kitu, asije akafa akaharibu kazi.

"Mpe. Uji hauna mwiko."

"Hata nikiupika kila siku?"

"Pika mpaka uzeeke, Sungura. Niondolee tu hiyo harufu."

Sungura akapika. Asichojua Fisi ni kwamba Korongo, Kanga na Nyati sasa walipitia kwanza kwa Sungura. Samaki walitwangwa pamoja na ulezi na karanga mpaka wakawa unga, mayai yakavurugwa humo, maziwa yakamiminwa mwishoni. Uji ule ulikuwa mzito kuliko kesi ya mirathi. Simba alikunywa, akaramba chungu, akageukia ukutani asionekane anatabasamu. Kidonda kikaanza kufunga.

Mlangoni Fisi alinenepa hadi kigoda kikalia. Asubuhi moja kidole gumba cha mguu wake kiliamka kimevimba, kinawaka, hata nzi akitua kinauma. Kesho yake likafuata goti. Fisi alipiga mayowe, akatafuna, akapiga mayowe tena. Kuacha kutafuna hakukumpitia akilini.

Duma alirudi na maini mengine. Fisi alikuwa ameyafungulia mdomo pale kivuli kilipomwangukia.

"Nipe mimi hayo," alisema Simba, amesimama kwa miguu yake yote minne.

"Mtukufu, haya ni mwi..."

"Mwiko kwa nani?"

Fisi alitoka mbio, lakini mbio zenyewe zilikuwa nusu hatua, kisha akaketi akilia. Simba akatoa makucha. Sungura akainama, akatazama kile kidole.

"Usimrarue, mtukufu. Hili ni jongo. Maini, samaki na nyama, asubuhi hadi jioni, viungo vimechoka kubeba karamu yake. Huyu sasa ni mgonjwa, na desturi ni desturi. Apelekewe mabakuli."

Moyo wa Fisi ulirukaruka kwa furaha. "Na mshika miiko ni nani?"

"Mimi," alisema Sungura, akakalia kigoda.

Mabakuli yakaja, mazuri ajabu. Maini, mwiko. Samaki wakavu, mwiko. Mchuzi wa nyama, mwiko mkubwa. Yote yalipita mbele ya pua ya Fisi yakaenda kwa Simba, aliyekuwa bado anarudisha mwili. Fisi alipewa maji mengi na uji mwepesi wa mtama, hauna hata kipande cha dagaa. Na uvimbe, kwa kumkomoa, ukaanza kushuka.

"Sungura, ndugu yangu," alilia Fisi, "uji siutaki. Kwa nini huniulizi ninachotaka?"

Sungura alimjazia bakuli mpaka juu, akamsogezea mdomoni.

"Kunywa, mzee wangu. Mgonjwa haulizwi uji."