Umri wa Mwinchande

Liwali alitoa amri: kila mwanamume aandikishe umri wake mbele ya shahidi, na asiyetimiza miaka sitini akabebe mawe ya kujengea nyumba ya bibi harusi wa Liwali.

Mwinchande, mvivu wa kutupwa, alikuwa na hamsini na tano. Akaja siku ambayo baba mkwe wa Liwali yupo barazani.

"Shahidi wako nani?" karani akauliza.

"Liwali mwenyewe. Tuliingia jando siku moja."

Baba mkwe aliziangalia mvi za Mwinchande, kisha akamgeukia mkwewe, aliyekuwa amemwambia wakati wa posa kwamba ana miaka arobaini tu.

Liwali akaruka kitini. "Jando moja wapi! Huyu alinibeba mgongoni, sitini kazipita zamani! Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mwinchande. "Haya, nyinyi vijana mkabebe mawe."