Neno Moja Katika Kiapo

Hapo zamani, na si zamani ya kusahaulika, kulikuwa na kikosi cha vijana wa milimani. Walijifunza kufunga mafundo, kuuguza majeruhi na kutafuta waliopotea. Kiongozi wao, Mwalimu Ambakisye, alikuwa mpole lakini hapindiki.

Kuingia kulitaka kiapo: kumtumikia Mungu, kumsaidia jirani na kutii amri za kikosi. Wakasimama marafiki watatu. Atupele aliapa, naye aliamini. Lusajo aliapa, naye hakuamini. Aliitaka tu skafu ya kikosi ya kuvaa shingoni. Zamu ya Sekela ilipofika, hakuapa. Alikuwa amemtafuta Mungu moyoni mwake kwa miaka, asimwone.

“Mwalimu,” alisema, “kumsaidia jirani na kutii naapa. Lile la kwanza nikilitamka, nitakuwa nimeanza kwa uongo.”

Mwalimu akamjibu taratibu kwamba asiye na Mungu hana kinachomfunga kutimiza ahadi, basi kikosini hana nafasi. Sekela hakulia. Alirudi nyumbani akijiuliza imekuwaje aliyesema kweli ndiye asiyeaminika.

Mwalimu alikuwa amekataza mtu asiye wa kikosi kufundishwa mafunzo yake. Hata hivyo Atupele, aliyeapa kutii, kila Jumamosi alimfundisha Sekela kwa siri.

Masika yakaja. Njia ya mlimani ikamomonyoka, Mwalimu akatumbukia korongoni, mguu ukavunjika. Sekela alikuwa akichanja kuni karibu, akasikia mtu analia. Akachungulia, akamtambua. Alisimama kidogo, kisha akakimbia kuwaita wenzake. Atupele akaenda kutafuta machela. Lusajo akaishika kamba mpaka viganja vikachubuka. Sekela akateremka kwa kamba hiyo, akaufunga mguu kwa vijiti.

Mwalimu alipona, ila milima ilimshinda. Akawaita wote watatu ili amchague mrithi wake kati yao. Hapo ndipo siri zilipotoka.

“Nilidanganya,” alisema Lusajo. “Lakini ningesema kweli ningefukuzwa. Nani angeishika kamba?”

“Nilivunja amri yako,” alisema Atupele. “Lakini ningetii, nani angejua kuufunga mguu wako?”

Sekela akasema wa mwisho.

“Uliniambia sina kinachonifunga. Nami niliteremka. Sijui ni nini kilichonifunga, Mwalimu, na ningependa sana kujua.”

Mwalimu akamtazama huyu, akamtazama yule.

Haya, wenzangu mliosikia: kikosi ni kimoja, na kiongozi ni mmoja. Aliyeapa kwa uongo akashika kamba, aliyeapa kwa imani akavunja amri, au aliyekataa kuapa akateremka korongoni? Je, nani alistahili?