Wimbo Mmoja Uliobaki kwa Volkmar

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana leo nasimulia habari za koo la mtu. Mwishoni nitawaachia kesi, na sitaki mtu aje kuniambia hakusikia vizuri.

Alikuwako Mjerumani mmoja, jina lake Volkmar, mtoto wa fundi wa matofali katika mji mdogo wa kaskazini. Huyu alikuwa kauntatena. Msikunje nyuso, nawaeleza: ni mwanamume mzima, ndevu kidevuni, anayeimba juu kabisa kule wanakoimba wanawake, na wala haigizi. Akiimba kanisani Ijumaa Kuu, siku ambayo kwao hakuna kupiga makofi, watu walitoka kimya na macho mekundu. Aliimba Berlin, akaimba Vienna, akaitwa hadi Japani. Lakini sauti ile hakuipata peke yake. Kulikuwa na watu watatu nyuma yake.

Wa kwanza ni baba yake, Mzee Eggert, aliyejaliwa sauti nzito iliyotikisa vioo. Kwao wanaume wa mji huwa na chama cha kuimba. Hukutana ukumbini, huimba, hunywa bia, na akifa mmoja wenzake humzika kwa nyimbo. Mzee Eggert alikuwa nguzo ya chama kile. Siku Volkmar aliposimama kuwaimbia, ukumbi ukaangua kicheko. "Eggert, kumbe ulizaa binti!" mmoja akasema. Mzee akavua beji ya chama, akaiweka mezani, akamshika mwanawe mkono wakatoka. Tangu siku hiyo hakuimba tena, hata bafuni.

Wa pili ni Bi Roswitha, mwalimu wa sauti, aliyejaliwa sikio. Volkmar alipobalehe na sauti ikaanza kukwaruza, walimu wengine wote walitaka asukumwe chini, aimbe kama wanaume wenzake. Bi Roswitha akakataa katakata. "Mtaliua koo hili! Mwacheni anyamaze." Akamnyamazisha majira yote ya baridi, hata kunong'ona marufuku, mpaka sauti ya juu ikarudi yenyewe, nyororo. Chuo kikamfukuza kazi kwa ubishi wake, akaishia kufundisha watoto piano sebuleni kwake.

Wa tatu ni mkewe, Almut, aliyejaliwa vidole. Alikuwa mpiga piano hodari, ameshaanza kuitwa peke yake kwenye majukwaa makubwa. Akayaacha, kwa sababu mumewe alikuwa mwoga: akisimama mbele za watu, pumzi zinamkatika. Almut alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu pale kwenye piano, Volkmar anavuta naye, ndipo wimbo unaanza. Watu wakimpigia makofi mwimbaji, Almut anapanga karatasi zake.

Basi, mwaka mmoja sauti ikaanza kukwaruza tena. Hapo akafanya kosa, kosa la waimbaji hasa. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Volkmar akanyamaza, kama alivyofunzwa, akinywa chai ya mitishamba, na kila ukimya ulipompa nafuu kidogo alisema, "Nimepona." Kumbe wapi! Ilikuwa saratani ya koo, inakula ndani kwa ndani, na alipokwenda hospitali alikuwa amechelewa.

"Utaishi," daktari akamwambia, "lakini kisanduku cha sauti kooni itabidi tukitoe. Sauti haitabaki, hata ya kusemea."

"Lini?"

"Jumatatu. Kabla ya hapo unaweza kuimba wimbo mmoja, tena mfupi. Wa pili utakutoa damu."

Volkmar alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia kama mtoto, wala hakuona haya. Yalaiti angekwenda mapema! Habari zikasambaa kwa wale watatu.

Mzee Eggert akapiga simu. "Mwanangu, chama kinakutana Jumapili. Waliocheka bado wapo, wamezeeka kama mimi. Njoo uwaimbie. Wasikie kilichonifanya mimi ninyamaze, nipate kufa na moyo mweupe."

Bi Roswitha yuko kitandani kwenye nyumba ya wazee, masikio yanazima, na wauguzi wanasema hamalizi wiki. Maskini, hakuwahi kumsikia mwanafunzi wake jukwaani hata mara moja. Kila mara Volkmar alimwambia, "Msimu ujao, mwalimu," na msimu ukifika yuko safarini. "Santuri zako ninazo," mama wa watu alituma neno kupitia muuguzi, "lakini santuri haipumui. Njoo uniinamie sikioni, kijana wangu, nilisikie lile koo nililolilinda."

Almut naye ana mimba, ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kuahirisha kwa ajili ya safari za mumewe, na ameamriwa asitoke kitandani. Akauweka mkono wa Volkmar tumboni. "Huyu atakuita, wewe hutaitika. Mwimbie angali humu ndani, tukivuta pumzi pamoja."

Wewe wa nyuma unayenong'ona "si awakusanye wote," nakusikia! Wawili hawanyanyuki, na ukumbi wa wale wazee uko mwendo wa nusu siku. Na usiniletee habari ya simu. Bi Roswitha hasikii simu, na kwa wengine simu ni kama santuri tu, haipumui.

Jumapili asubuhi. Volkmar yuko ndani ya gari, injini inanguruma, mlango uko wazi na mguu mmoja bado uko nje. Almut hakumwomba mara ya pili. Baba hakupiga simu tena. Mwalimu anasubiri, hadai kitu. Hilo ndilo linalomuumiza. Laiti wangemgombania, angepata wa kumkasirikia. Anajua kabisa kwamba wawili watakaokosa watamwambia "usijali," na kesho yeye hatakuwa na sauti ya kuwaomba radhi.

Haya, mimi nimefika mwisho, na mchana unakwenda. Nyinyi mliokaa hapa, mtazameni usoni mumwambie: aende kumwimbia nani? Na wale wawili, mtawaambia nini?