Shukrani za Bosi Jukwaani

Leo mfano wangu hautoki shambani, wapendwa. Unatoka ukumbini, kwenye sherehe ya taifa ya kuwapa tuzo watengeneza gemu, hizi gemu za kwenye simu na kompyuta. Msicheke. Mimi niliishia darasa la saba na gemu sizijui, lakini dhambi naijua.

Kulikuwa na binti mmoja mchoraji. Miaka miwili alichora gemu moja peke yake: soko zima, mbuzi, matope, kanga za akina mama. Sasa, gemu ikifika mwisho, majina ya walioitengeneza hupanda kwenye kioo, moja moja. Kwa watu wa kazi ile, hayo majina ndiyo cheti. Jina lako lisipokuwapo, hukufanya kazi. Na kampuni nyingine kubwa ilikuwa imemwahidi binti: tukiliona jina lako siku ya tuzo, tutakupigia simu Jumatatu uje uanze.

Akaja na mama yake. Taa zikapunguzwa, gemu ikaonyeshwa ukutani.

"He!" mama akapaza sauti. "Yule anayechechemea na beseni la dagaa, si mimi yule?"

"Ni wewe, mama. Taratibu, watu wanatuangalia."

"Waangalie! Hata mguu umeupatia!"

Majina yakaanza kupanda. Mama anasoma kwa shida, akakaza macho. "Mbona yanakimbia hivi? Umeshapita?"

"Sijapita, mama."

Hakupita. Bosi wake alikuwa amelifuta jina la binti. Pale pa mchoraji aliandika jina lake mwenyewe.

Bosi akaitwa jukwaani. Akapokea tuzo, akafumba macho. "Bwana asifiwe! Kwanza kabisa namshukuru Mungu. Hapa hakuna mkono wa mtu. Ni Mungu tu!" Ukumbi mzima ukaitika, Amina! Ningekuwapo, na mimi ningeitika. Hilo ndilo linalonichoma.

Binti akamkuta anashuka ngazi. "Bosi, jina langu liko wapi?"

"Mdogo wangu, usiniharibie siku. Utukufu wote ni wa Mungu. Wewe unataka kugombania utukufu na Mungu?"

"Hapana, bosi. Basi hiyo tuzo mpe Mungu. Mbona imechongwa jina lako?"

Ndugu zangu, yule mtu alifanya nini? Aliikumbatia tuzo kwa mikono miwili, akaita mlinzi. Jumatatu ikafika, ikapita. Simu ya binti haikulia.

Mnaguna? Mnamgunia nani? Hiyo "kwanza kabisa namshukuru Mungu", nani humu haijui kwa kichwa? Tunaisema harusini, tunaisema kwenye mahafali, tunaisema kazini tukipandishwa cheo kwa jasho la mwenzetu. Tunamsogeza Mungu mbele ili mtu asionekane nyuma yake! Muumba wa mbingu na nchi tumemfanya pazia la kufichia wizi! Tangu lini Mungu akafurahia sifa za kuiba?

Na mimi nimo. Siku Baba Askofu alipokuja kufungua kanisa hili, nilisimama hapa hapa nikasema, "Ni mkono wa Bwana uliojenga." Mkono wa Bwana! Aliyepanga matofali haya ni fundi Ambilikile. Alianguka kutoka kenchi ile ya paa pale juu, akavunjika bega, akapona nusu, akarudi kumalizia. Siku ile alikaa benchi la mwisho na koti la kuazima, anasubiri atajwe. Nilimwona. Sikumtaja. Nilitaka askofu anione mimi mtu wa imani. Ambilikile akaacha kuja, nami Jumapili tatu mfululizo nikahubiri juu ya watu waliorudi nyuma, nanyi mkaitika.

Nani alimrudisha nyuma? Mimi.

Sasa sitapiga magoti hapa kumwomba Mungu msamaha. Si kwamba sihitaji. Ni kwamba huko ndiko ninakokimbilia kila ninapoogopa uso wa mtu. Leo sitoi baraka. Ambilikile anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Nakwenda sasa hivi, na joho hili hili, nikamwambie mbele ya mke wake nilichomfanyia. Na wewe uliyefuta jina la mtu, unamjua, na kwake unapajua.

Milango iko wazi. Tokeni.