Kiatu cha Mlangoni

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, ni juzijuzi tu wakati bando limeshapanda bei, palikuwa na chuo cha ngozi na viatu katika mji ambao sitautaja, maana wahusika bado wanasalimiana. Kaeni vizuri. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie eti alikuwa anachati.

Chuo kile kiliona mtihani peke yake hautoshi. Kikaagiza kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho afungue potifolio mtandaoni, aweke picha za kazi zake na maelezo, ili waajiri wamjue kabla hawajamwona. Wanafunzi waliona jina lile linawachosha, wakaiita mkoba. Msimamizi wa mikoba alikuwa Dokta Kisanga, mama mpole mwenye sharti moja tu.

"Mkoba uonyeshe ukuaji," alisema. "Nataka kiatu chako cha kwanza, nataka kiatu chako cha mwisho, nataka na safari ya katikati."

Sasa alikuwepo binti mmoja, Nyamizi, mtoto wa fundi viatu. Huyo alishika sindano ya ngozi kabla hajashika kalamu. Kiatu chake cha kwanza pale chuoni kilikuwa kizuri. Kiatu chake cha mwisho kilikuwa kizuri. Dokta Kisanga aliufungua mkoba wake, akashusha pumzi.

"Nyamizi, ukuaji uko wapi?"

"Dokta, mimi nilikuja nikijua."

"Ndiyo tatizo lako hilo, mwanangu. Mtu akitazama hapa ataona umekaa miaka yote hii hujajifunza kitu."

Msicheke. Nyamizi alirudi karakana akajaribu kushona kiatu kibaya. Mikono ikakataa. Alipopindisha mshono kwa makusudi, wenzake walidhani ni mtindo mpya, wakamwomba awafundishe. Akakaa chini akiwa na hasira ya kulia, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia mlangoni.

Mlangoni palikuwa na kiatu. Kilishonwa na kijana aitwaye Lutengano, wiki zake za mwanzo chuoni. Pua ya kiatu ilitazama dirishani, kisigino kilitazama ofisini, na soli ilikuwa inaondoka zake. Fundi mkuu wa karakana alikisukumia chini ya mlango ili usibamizwe na upepo, na hapo kilikaa tangu mwaka wa kwanza. Wageni wakija kutembezwa, walionyeshwa mashine, wakaonyeshwa na kiatu cha Lutengano. Yeye alikuwa anacheka pamoja nao, lakini kilimuuma.

Nyamizi akainama, akakipiga picha. Akaiweka kwenye mkoba wake: kiatu cha kwanza.

Ikabaki safari ya katikati. Kwa safari alikuwepo Tumsifu, mwanafunzi mwenzao. Viatu vya Tumsifu vilikuwa vinapasuka kabla ya kuvaliwa, ila kalamu alijaliwa. Darasa zima lilimwendea awaandikie maelezo, na malipo yake yalikuwa chipsi mayai. Akiwa anasubiri chipsi zikauke mafuta, aliandika kwenye simu ya Nyamizi: "Kiatu changu cha kwanza kilinifundisha kuuonea huruma mguu wa mtu nisiyemjua." Kisha akaomba pilipili.

Mkoba ukapaa. Akausoma Mama Shija, mwenye kiwanda cha viatu vya shule. Mama Shija alikuwa na nafasi moja, nayo haikuwa ya kushona. Alitaka mtu wa kufundisha wafanyakazi wapya, wale wanaokuja hawajui hata ngozi ina upande wa ndani. Alipofika kwenye ule mstari wa mguu, akavua miwani akafuta machozi. Akapanda gari, akaja mwenyewe kumchukua Nyamizi.

Siku hiyohiyo Lutengano, aliyekawia akinyoosha kiatu chake cha mwisho, naye alipakia mkoba wake. Dokta Kisanga akaufungua, akakiona kile kiatu. Jamani, kiatu hicho alikuwa anakiruka kila akiingia karakana, lakini kwenye simu ndiko alikokiona. Akamwita ofisini.

"Umeiba kazi ya Nyamizi."

"Dokta, nani anaiba kiatu kama hicho?"

"Yeye alikipakia kwanza. Hapa huhitimu."

Mama Shija alikuwa ameketi palepale, anasubiri mtu wake. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la safari. Alimtazama Lutengano, akalitazama begi. Halafu akasema, "Dokta, mwache. Kiatu ni chake. Mimi ndiye niliyekichukua."

Wakaenda kukileta kiatu chenyewe, kikawekwa mezani. Huko karakana mlango ukaanza kujibamiza kwa upepo, na maneno yote yaliyofuata yalisemwa katikati ya kelele hizo. Tumsifu naye akaja mbio. Nani alimwita, sijui.

Dokta Kisanga, akiwa na haya usoni, akafuta ile kesi ya wizi, akamwambia Lutengano atahitimu. Naye Nyamizi, Dokta akamkata alama, basi. Lakini kazi ya Mama Shija ilikuwa bado haina mtu.

Lutengano akasema, "Mama, hiyo safari uliyoililia niliitembea mimi. Nimechekwa kwa kiatu hiki tangu siku ya kwanza. Mara mbili nimeambiwa nihamie fani nyingine. Leo kiatu kimeleta heri, ndiyo kinakuwa cha mtu mwingine? Unataka wa kufundisha wasiojua. Mimi nilikuwa sijui, nikajua. Kiatu changu cha mwisho kinavalika. Si kizuri kama cha Nyamizi, lakini kinavalika."

Nyamizi akasema, "Na nani alimfikisha kwenye kuvalika? Kila Jumamosi nilikaa naye nikimfundisha. Kiatu kizuri ulichokiona, mama, ni changu. Nimekosa, nakubali. Ila niliambiwa kujua kwangu ni kasoro, sasa nifanyeje? Na ningenyamaza hapa ofisini, saa hizi ningekuwa ndani ya gari lako."

"Ni kweli alinifundisha," Lutengano akasema. "Alikuwa ananinyang'anya kiatu anakimaliza mwenyewe. Jumapili nakifumua peke yangu nione alifanyaje."

Nyamizi akainamisha kichwa. Hilo alikuwa halijui.

Tumsifu akasema, "Shikamoo mama. Samahani, wewe hukulia kwa ngozi. Viatu vibaya umeviona vingi, na vizuri umeviona vingi, hukuwasha gari. Uliwasha gari kwa maneno, na maneno ni yangu. Kufundisha si ni maneno?"

Mama Shija akamuuliza, "Huo mguu wa mtu usiyemjua, uliwahi kuuonea huruma kweli?"

Tumsifu akafikiri. "Baada ya kuandika, ndiyo. Kidogo."

Dokta Kisanga akakohoa, akasema kwa upole kwamba bila lile sharti lake la ukuaji hakuna mkoba ambao ungemliza mtu. Mlango ukajibamiza.

Mama Shija akafungua simu, akausoma tena ule mkoba kuanzia juu mpaka chini. Ukamliza tena, safari hii kwa hasira, maana kila kitu ndani yake kilikuwa kweli isipokuwa jina la mwenye mkoba.

"Mimi nilikuja kumwajiri huyu aliyemo humu," alisema. "Naye hayupo. Mmekuja watu watatu badala yake, na mimi nina meza moja. Kazi inaanza Jumatatu."

Akakichukua kile kiatu kibovu, akakitia kwapani, akasema atakiweka juu ya meza hiyo, na atakayeajiriwa atakikuta pale. Akaondoka.

Sasa nawageukia nyie. Na wewe pale nyuma, weka simu chini. Mmoja alikosea kweli, akakifumua kiatu kila Jumapili mpaka akajua. Mmoja alishona vizuri, akaiba kosa la mwenzake, akalirudisha palipomgharimu. Mmoja hakushona chochote kinachovalika, akamliza mwenye kiwanda. Je, Jumatatu asubuhi, nani alistahili kukikuta kile kiatu mezani kwake?