Harufu Tamu ya Wodi ya Wanaume

Harufu ilianza Jumatatu. Ilikuwa tamu, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, nayo ilituama juu ya vitanda viwili vya mwisho vya wodi ya wanaume katika hospitali moja ndogo ya binafsi kisiwani Amu. Feni haikuipunguza wala dirisha halikuitoa. Jumanne, Bwana Idarus, aliyelazwa kwa pumu, alifariki kwa homa ya mapafu. Jumatano homa ileile ikahamia kwa jirani yake, Bwana Kamaludin, aliyeletwa kwa nyonga iliyovunjika tu, akawekewa oksijeni baada ya kupasuliwa. Wauguzi wakaanza kupita pale mbio mbio, wakinong'ona kwamba jini mwanamke hutanguliwa na manukato.

Rawiya, bintiye Kamaludin, hakubanduka. Babake alikuwa mboni ya jicho lake, na sasa kila pumzi yake ilikuwa kama ndoo nzito inayovutwa kisimani. Mzee alidungwa sindano siku mbili, zisimfae kitu.

Ijumaa asubuhi Rawiya aliitwa na Cherotich, mtaalamu wa maabara. Cherotich alikuwa ameotesha makohozi ya mzee kwenye kisahani na kupanga juu yake vikaratasi sita, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayoua bakteria huacha duara tupu pembeni mwake. Rawiya alichungulia. Ute wa kijani ulikuwa umevizingira vikaratasi vitano bila woga. Duara lilikuwa moja tu, na kisahani kilinuka ile harufu.

"Ndiye mdudu aliyemtukua Bwana Idarus?" aliuliza kwa hofu.

"Ndiye. Anapenda maji. Dawa hiyo moja inashuka Manda na ndege ya saa nane, lakini mzee akiendelea kumvuta mdudu huyu, haitafua dafu. Nimepima sinki na mikono ya wauguzi, sikuona kitu. Imebaki ile chupa ya maji inayopitisha oksijeni. Nani huijaza?"

"Wauguzi," Rawiya alijibu. "Na mimi kila asubuhi huongeza mai ya kombe. Tangu apasuliwe Baba hawezi kunywa, kwa hivyo nikaona ayavute."

Alipenyeza mkono ndani ya buibui akatoa kichupa cha maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani siku kumi zilizopita. Alipokifungua, harufu ikajaa chumba.

"Dua haina kosa, Bi Rawiya," Cherotich alisema polepole. "Maji yaliyolala ndiyo yameota mdudu. Na Bwana Idarus?"

"Mkewe alikuwa Faza. Nalimuonea imani, nikamtilia na yeye."

Chupa za oksijeni zilibadilishwa, dawa ikafika, na siku ya nne mzee akaomba uji. Rawiya alilia kwa furaha na kwa aibu. Kisha akavuka kwenda Faza. Mjane wa Idarus, akiwa edani, alimshika mikono yote miwili na kuibusu kabla Rawiya hajatamka neno.

"Mwanangu, hii ndiyo mikono iliyomtunza mume wangu."

Rawiya hakuthubutu kuivuta. Alimweleza yote, na mjane akaiachia mikono ile mmoja baada ya mwingine. Jini alitafutwa kila pembe ya wodi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.